Utatu katika Maandiko: njia nne za kuusoma, na namna ya kuchagua inayokufaa

Neno "Utatu" halimo katika Biblia. Kila anayeanza kulichunguza somo hili huambiwa hivyo mapema, ama na mwalimu wake ama na mpinzani wake. Swali linalofuata ndilo gumu zaidi: kama neno lenyewe halimo, mtu afungue wapi? Mmoja atamwelekeza Mathayo 28:19. Mwingine atamwambia atulie na Injili ya Yohana hadi aimalize. Wa tatu atashikilia kwamba bila Agano la Kale hataelewa kitu, na wa nne atamtaka asome kwanza Kanuni ya Imani ya Nikea, yaani ungamo la imani la maaskofu wa karne ya 4, ndipo arudi kwenye aya.

Niseme mapema ninaposimama. Naamini Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, na naamini fundisho hilo limetoka ndani ya Maandiko. Lakini silioni likiwa limekamilika katika aya moja yoyote. Ni hitimisho ambalo Kanisa lilifikia kwa kuzisoma aya nyingi pamoja na kukataa kuitupa hata moja. Ndiyo maana pa kuanzia pana uzito: kila njia huweka wazi upande fulani na kuacha mwingine gizani, na msomaji asiyejua amekosa nini huyumba siku anapokutana nacho kinywani mwa mtu mwingine.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yale yale matano.

La kwanza ni umoja na utofauti. Kumbukumbu la Torati 6:4 inasema, "Sikiza, Ee Israeli; BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja," na Yesu mwenyewe aliitaja kuwa amri iliyo ya kwanza (Marko 12:29). Njia inayomwacha msomaji na miungu watatu imeshindwa. Imeshindwa vilevile ikimwacha na mmoja anayebadili sura, leo Baba, kesho Mwana, kama alivyofundisha mwalimu Sabelio kule Roma mwanzoni mwa karne ya 3.

La pili ni Roho Mtakatifu. Masomo mengi ya Utatu, ukiyatazama vizuri, ni masomo ya uungu wa Kristo, kisha Roho anatajwa katika sentensi mbili za mwisho. Nimeliweka hili liwe kigezo kwa makusudi.

La tatu ni aya ngumu: "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28), siku ile asiyoijua Mwana (Marko 13:32), "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" (Wakolosai 1:15), "Mungu wa pekee wa kweli" (Yohana 17:3). Hizi nazo ni Neno la Mungu. Njia nzuri inakupeleka kwazo, haikuzungushi ukazikwepa.

La nne ni gharama na hatari zake, yaani muda, maandalizi na mitego. La tano: inamfaa nani.

Njia ya kwanza: aya zinazowataja watatu pamoja

Hapa unakusanya aya ambazo Baba, Mwana na Roho wanatajwa kwa pamoja, unazisoma moja baada ya nyingine. Kubwa zake ni ubatizo wa Yesu (Mathayo 3:16–17), agizo la kubatiza (Mathayo 28:19), baraka ya 2 Wakorintho 13:14, karama katika 1 Wakorintho 12:4–6, Waefeso 4:4–6, na salamu ya 1 Petro 1:2.

*Umoja na utofauti.* Utofauti unaonekana mara moja. Pale Yordani Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti inatoka mbinguni: huwezi kusema huyo ni mmoja anayejigeuza. Umoja unahitaji jicho la karibu zaidi. Katika Mathayo 28:19 wanafunzi wanatumwa kubatiza kwa *jina*, si kwa majina, kisha wanatajwa watatu. Katika 1 Wakorintho 12, Paulo anaandika kwamba karama ni mbalimbali "bali Roho ni yeye yule", huduma ni mbalimbali "na Bwana ni yeye yule", kutenda kazi ni kwingi "bali Mungu ni yeye yule azitendaye kazi zote katika wote". Kazi ni ile ile, naye anaitaja mara tatu kwa watendaji watatu.

Tazama pia mpangilio. Mathayo anaanza na Baba. Baraka ya 2 Wakorintho inaanza na neema ya Bwana Yesu Kristo. 1 Wakorintho 12 na Waefeso 4 zinaanza na Roho na kumalizia kwa Mungu. Petro anamtaja Baba, kisha Roho, kisha Yesu Kristo. Kama watatu hawa wangekuwa mfalme, waziri na mjumbe, waandishi wasingekuwa huru kubadilisha mpangilio namna hiyo.

*Roho Mtakatifu.* Njia hii inampa nafasi sawa na wengine, na hilo ni jambo kubwa. Lakini haikuambii yeye ni nani. Anatajwa, haelezwi. Ni lazima uongeze Matendo 5:3–4, ambako Anania anaambiwa amemwambia uongo Roho Mtakatifu, na papo hapo kwamba hakumwambia uongo mwanadamu, bali Mungu.

*Aya ngumu.* Hapa ndipo njia hii ni dhaifu, kwa sababu haikutani nazo kabisa. Unaweza kumaliza orodha nzima usiguse Yohana 14:28.

*Gharama na hatari.* Gharama ni ndogo, saa moja inatosha. Hatari ni kudhani kwamba kutajwa pamoja ni kuwa sawa. Soma 1 Timotheo 5:21: Paulo anamwagiza Timotheo mbele za Mungu, na Kristo Yesu, na malaika wateule. Wako watatu katika sentensi moja, na hakuna Mkristo anayesema malaika ni Nafsi ya tatu. Orodha ya watatu ni ushahidi unaohitaji ushahidi mwingine pembeni.

Hatari ya pili ni 1 Yohana 5:7–8 yenye maneno "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja". Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kiyunani, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519; aliyaingiza katika toleo la 1522, na kutoka huko yakaenea katika tafsiri nyingi. Biblia nyingi za leo zimeyaondoa, zimeyatia mabano au zimeyashusha chini ya ukurasa. Nakuomba usiyatumie. Fundisho hili lilikuwa limesimama karne nyingi kabla Erasmus hajazaliwa, halina haja ya aya yenye mashaka.

*Inamfaa nani.* Wanaojiandaa kwa ubatizo au kipaimara, mhubiri mwenye somo moja tu, na yeyote anayetaka kwanza kujua kama kuna chochote cha kuchunguza.

Njia ya pili: Injili ya Yohana, mwanzo hadi mwisho

Hapa huchagui aya. Unachukua kitabu kimoja na kukiacha kiseme kwa utaratibu wake, ukisimama zaidi kwenye sura ya 1, 5, 8, 10, 14 hadi 17, na 20.

*Umoja na utofauti.* Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayoshika pande zote mbili kwa nguvu hivi. Aya ya kwanza tu inatosha kuonyesha: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Alikuwako kwa Mungu, basi si yule yule. Alikuwa Mungu, basi si mwingine wa pembeni. Yohana hatoi maelezo. Anaweka mambo mawili mezani na kuandika sura ishirini na moja juu yake.

Kaa na sura ya 5, kwa sababu wengi huipita haraka wakikimbilia sura ya 10. Yesu amemponya mtu siku ya sabato, na wapinzani wanamshutumu kwamba anamwita Mungu Baba yake na kujifanya sawa na Mungu (5:18). Jibu lake ni la ajabu. Anaanza kwa maneno yanayosikika kama kukana: Mwana hawezi kutenda neno mwenyewe, ila lile amwonalo Baba akilitenda. Kisha anaendelea: lolote atendalo Baba, Mwana naye hulitenda vile vile, anahuisha wafu, amepewa hukumu yote, "ili watu wote wamheshimu Mwana kama vile wanavyomheshimu Baba" (5:23). Halafu 5:26: kama Baba alivyo na uzima nafsini mwake, vivyo hivyo amempa Mwana kuwa na uzima nafsini mwake. Isome tena polepole. Kiumbe hupewa uzima, lakini hakuna kiumbe mwenye uzima *nafsini mwake*, wa kutotegemea kitu. Hapa Mwana ana uzima wa namna ile ile aliyo nayo Baba, na wakati huo huo ameupokea kwa Baba. Mtu akiielewa aya hiyo moja, ameshika kiini cha mjadala wote wa karne ya 4 juu ya uungu wa Mwana.

*Roho Mtakatifu.* Sura ya 14 hadi 16 ndizo hazina kubwa. Yesu anaahidi "Msaidizi mwingine", na huyo Msaidizi anafundisha, anakumbusha, anashuhudia, anasikia na kunena. Hizo ni kazi za mwenye nafsi. Nguvu tu haisikii wala haishuhudii.

*Aya ngumu.* Mbili kati ya zile nne zimo humu humu, kwa hiyo huwezi kuzikwepa. Kuhusu 14:28, walimu wa kale hawakujibu kwa sauti moja. Gregori wa Nazianzo alisema Baba ni mkuu kwa kuwa yeye ndiye chimbuko ambalo Mwana anatoka kwake, huku asili ikiwa moja. Agostino aliegemea hali ya mtumwa ambayo Mwana aliitwaa, ile ya Wafilipi 2:7: kwa hali hiyo ni mdogo kwa Baba, kwa asili ya Mungu ni sawa naye. Unaweza kushika lolote kati ya hayo ukawa ndani ya imani ile ile. Mimi naona muktadha wa sura unabeba yote mawili: anayesema yuko njiani kwenda msalabani, naye anarudi kwa yule aliyemtuma.

Kuhusu 17:3, usiisome bila 17:5. Yule anayemwita Baba "Mungu wa pekee wa kweli" anaomba, aya mbili mbele, arudishiwe utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ya ulimwengu kuwako. Katika Isaya 42:8 BWANA anasema utukufu wake hatampa mwingine.

*Gharama na hatari.* Muda. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kitahitaji miezi. Hatari ni kumgeuza Yohana kuwa peke yake, mpaka mtu akaja kukuambia kwamba Marko hajui habari hizi, ukakosa jibu. Basi ukimaliza, soma Marko 2:1–12, ambapo Yesu anasamehe dhambi na waandishi wanauliza ni nani awezaye hivyo isipokuwa mmoja, ndiye Mungu.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye subira, msomaji wa peke yake anayependa kukisoma kitabu kizima, na anayezungumza na watu wanaoleta aya ngumu mlangoni.

Njia ya tatu: kutoka Agano la Kale kwenda mbele

Hapa unaanzia pale Israeli walipoanzia, kwenye Mungu mmoja, na unafuatilia jinsi waandishi wa Agano Jipya walivyoyachukua maneno ya manabii.

*Umoja na utofauti.* Hakuna njia inayolinda umoja kama hii. Huanzi na watatu ukitafuta namna ya kuwaunganisha. Unaanza na mmoja, unamsikia akikana kuwa na mwenzake, kisha unashangazwa na kile mitume walichothubutu kuandika.

Mfano ulio bora ni Isaya 45. Hiyo ni moja ya sura kali kuliko zote juu ya Mungu mmoja: "maana mimi ni Mungu, hapana mwingine" (aya ya 22). Aya inayofuata BWANA anajiapia nafsi yake kwamba mbele zake "kila goti litapigwa, kila ulimi utaapa". Sasa fungua Wafilipi 2:10–11: "ili kwa jina la Yesu kila goti lipigwe", na kila ulimi ukiri ya kuwa Yesu Kristo ni Bwana, "kwa utukufu wa Mungu Baba". Paulo alikuwa Farisayo aliyeijua Isaya. Hakuichukua aya ya pembeni. Alichukua kiapo kile ambacho Mungu anakana kuwa na mwenzake, akakiweka juu ya Yesu, na akaona kwamba Baba hakuibiwa kitu, bali ametukuzwa.

Fanya vivyo hivyo na 1 Wakorintho 8:6. Paulo anajibu swali la nyama iliyotolewa kwa sanamu, na katikati ya jambo hilo la kila siku anaandika: "lakini kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetokana naye", na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Ungamo la Kumbukumbu 6:4 lina "Mungu", lina "BWANA", lina "mmoja". Paulo ametumia yote matatu, na Yesu yumo ndani ya ungamo. Kwa haki niseme: wasioamini Utatu huisoma aya hii kwa mkazo mwingine, kwamba anayeitwa Mungu hapo ni Baba peke yake. Ni usomaji unaostahili kujibiwa kwa heshima. Jibu langu ni upande wa uumbaji: katika Isaya 44:24 BWANA anasema alizitanda mbingu peke yake, na hapa vitu vyote vimekuwapo kwa Yesu Kristo. Ama Paulo amevunja ungamo la baba zake, ama Yesu hayuko nje ya huyo aliyeumba peke yake.

*Roho Mtakatifu.* Wastani. Yuko tangu Mwanzo 1:2, na Isaya 63:9–10 ina BWANA, malaika wa uso wake aliyewaokoa, na Roho Mtakatifu aliyehuzunishwa. Paulo anairudia huzuni hiyo katika Waefeso 4:30. Lakini katika Agano la Kale Roho hajitokezi waziwazi kuwa Nafsi kama anavyojitokeza katika Yohana 14 hadi 16.

*Aya ngumu.* Inasaidia sana kwa Wakolosai 1:15. Zaburi 89:27 inasema Mungu atamfanya Daudi kuwa mzaliwa wa kwanza, aliye juu sana kuliko wafalme wa dunia, ingawa Daudi alikuwa mdogo kabisa kati ya wana wa Yese. Kumbe mzaliwa wa kwanza ni cheo cha mrithi, si lazima yule aliyetokea kwanza. Kwa Methali 8:22, aya ambayo wafuasi wa Ario, padri wa karne ya 4 aliyekana kwamba Mwana ni wa milele, waliitegemea mno kuhusu Hekima, njia hii haikupi njia ya mkato. Itakubidi uketi na shairi lote.

*Gharama na hatari.* Inataka msomaji anayewajua manabii kiasi, au kiongozi aliyejiandaa. Hatari kubwa ni kuona Utatu kila mahali. Mwanzo 18 inapendwa sana: watu watatu wanamtokea Ibrahimu huko Mamre, na wachoraji wa Kanisa la Mashariki wamewachora kuwa sura ya Utatu. Kwa ibada ni picha nzuri. Kwa hoja haisimami, kwa sababu Mwanzo 19:1 inasema wawili kati yao walioendelea hadi Sodoma walikuwa malaika. "Na tufanye mtu kwa mfano wetu" ya Mwanzo 1:26 nayo ina maelezo mengine yanayojulikana, mfano Mungu kusema mbele ya baraza lake la mbinguni. Mkristo aliyekwisha kuamini anaweza kusikia mwangwi wa Utatu humo. Anayeuliza bado hapaswi kuambiwa kwamba huo ndio uthibitisho.

*Inamfaa nani.* Anayeona umoja wa Mungu uko hatarini, anayezungumza na Myahudi au Mwislamu, na mwalimu ambaye wanafunzi wake wanadhani Agano la Kale halihusiki.

Njia ya nne: kutoka Kanuni ya Imani kurudi kwenye aya

Hii inaanza na maneno ambayo Wakristo wengi wanayakariri tayari, kisha inauliza kila sentensi: umetoka wapi katika Maandiko?

*Umoja na utofauti.* Kanuni inakupa uwiano ukiwa tayari, kwa sababu ilitungwa baada ya watu kuanguka pande zote mbili. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliitishwa na Kaisari Konstantino mwaka 325, baada ya Ario, padri wa Aleksandria, kufundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Ario hakuwa mtu asiyesoma Biblia, na aya alikuwa nazo. Maaskofu waliona kwamba kila neno la Biblia walilopendekeza, upande wake uliweza kulikubali na kulipa maana yake, wakalazimika kutumia neno lisilo la Biblia: Mwana ana umungu mmoja na Baba. Unapoijua historia hiyo, lawama kwamba "hilo halimo katika Biblia" inapata jibu: neno halimo, limewekwa kulinda yaliyomo.

*Roho Mtakatifu.* Kanuni ya 325 ilipofika kwake ilisema tu kwamba tunamwamini Roho Mtakatifu, basi. Ilichukua miaka 56, na kazi ya watu kama Basili wa Kaisaria, mpaka Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 ukaungama kwamba yeye ni Bwana mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Chukua maneno hayo uyarudishe: Bwana, 2 Wakorintho 3:17, mleta uzima, Yohana 6:63, atokaye kwa Baba, Yohana 15:26. Maneno "na Mwana" katika sentensi hiyo ya mwisho yaliongezwa baadaye Magharibi, na Kanisa la Mashariki halijayakubali hadi leo. Msomaji wa njia hii atakutana na mgawanyiko huo, na ni vizuri akutane nao.

*Aya ngumu.* Inakupa kanuni ya kuzisomea: yapo yanayosemwa juu ya Mwana kama Mungu, na yapo yanayosemwa juu yake kama mwanadamu. Marko 13:32 kwa kawaida huwekwa fungu la pili. Ni msaada, ila ukiutumia ovyo utaigawa kila aya vipande viwili bila kuisikiliza.

*Gharama na hatari.* Inataka kujua historia kidogo. Hatari ni kuyafanya Maandiko yawe muhuri wa jambo ulilokwisha kuliamua.

*Inamfaa nani.* Aliyekulia katika Kanisa linalokiri Nasadiki kila Jumapili na hajawahi kuuliza maneno yale yalitoka wapi. Humfaa pia katekista na mwanafunzi wa teolojia. Kwa mtu asiyekubali mamlaka ya mitaguso haifai kuwa mwanzo. Ataona umemjibu kwa neno la watu.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama una saa moja na vijana wanaojiandaa kubatizwa, chukua njia ya kwanza, lakini usiwape aya kumi. Wape Mathayo 3 na 1 Wakorintho 12, zisomwe kwa sauti, kisha Matendo 5:3–4 kwa ajili ya Roho.

Kama jirani Mwislamu anakuuliza kwa nini mnaabudu miungu watatu, anza na ya tatu, na uanze kwa Marko 12:29. Mwambie wazi kwamba anachokikataa, yaani miungu watatu, nawe unakikataa. Usifungue Mwanzo 1:26. Mkifika Isaya 45 na Wafilipi 2, mtakuwa mmefika kwenye tofauti yenu halisi, nayo ni Yesu ni nani.

Kama Shahidi wa Yehova amekuja na Yohana 14:28 na Wakolosai 1:15, pendekeza msome pamoja Yohana 5 nzima badala ya kurushiana aya. Msikilize anavyoisoma. Uwe na Zaburi 89 karibu.

Kama unazungumza na Mpentekoste wa Jina la Yesu, yule anayebatiza kwa Matendo 2:38 na kuamini Yesu ndiye Baba na ndiye Roho, uungu wa Kristo hamtofautiani hata kidogo, usipoteze muda hapo. Nendeni Yohana 14 hadi 17, mkiuliza nani anamwomba nani, na nani anamtuma nani.

Kama wewe mwenyewe ndiye mwenye mashaka, na hasa kama mashaka yametokana na kusikia kwamba fundisho lilibuniwa Nikea, sikushauri uanze na Nikea. Mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago alikwisha kuandika "Utatu" kwa Kilatini zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtaguso ule, na barua za Paulo zilitangulia kwa karibu miaka 270. Anza na Wafilipi 2 na 1 Wakorintho 8, barua za watu wa kizazi cha kwanza, na usome Nikea mwishoni.

Kama una mwaka mzima na kikundi kinachoendelea kuja, utaratibu ninaoupendelea ni huu: miezi miwili ya Agano la Kale, minne au mitano ya Yohana, mwezi mmoja wa aya za watatu mkiwa sasa na macho ya kuziona, na muda uliobaki Kanuni ya Imani, sentensi moja kwa kila kikao. Sentensi za Roho Mtakatifu msiziache za mwisho wa mwaka, wakati nusu ya watu wamesafiri, zitangulizeni.